Tanuri halina sikukuu: kusoma habari na tuzo za kioo mwisho wa mwaka

Desemba ikifika, habari za sekta ya kioo huja kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni matanuri: kampuni hii imewasha jipya, ile imezima la zamani, nyingine imeahidi kupunguza hewa ya ukaa kwa asilimia kadhaa. La pili ni tuzo: jengo bora la kioo, chupa bora, mtu wa mwaka. La tatu halina picha wala shamrashamra: kiwango kimerekebishwa, njia ya kupima imebadilika, shehena imerudishwa kiwandani. Wengi husoma mawili ya mwanzo wakaishia hapo. Ushauri wangu ni kuanza na la tatu, kisha kurudi kwenye hayo mawili ukiwa na kalamu mkononi.

Sababu yenyewe ni muda. Tanuri la kioo bapa likishawashwa hufanya kazi usiku na mchana kwa miaka 15 hadi 20. Kioo cha tabaka mbili kinachofungwa leo kinatarajiwa kukaa miaka 20 au zaidi bila ukungu kuingia katikati. Kioo cha tempa, yaani kilichopashwa na kupozwa ghafla ili kiwe na nguvu, chenye kijiwe kibaya ndani yake kinaweza kutulia ukutani miaka mitatu, kisha kikapasuka chenyewe bila mtu kukigusa. Lakini tuzo hutolewa jengo likiwa bado linanukia silikoni.

Tanuri la leo ni nishati ya mwaka 2040

Tuanze na matanuri, kwa kuwa ndiyo yanayobeba fedha nyingi. Kioo cha floti, yaani kioo bapa kinachotandazwa juu ya bati lililoyeyuka, hutoka kwenye tanuri ambalo moto wake juu ya kioo unakaribia nyuzi 1,600 za Selsiasi, na mstari wa kawaida hutoa tani 500 hadi 800 kwa siku. Mstari huo hauna swichi. Ukiacha tanuri lipoe ovyo, kioo kinaganda humo humo, matofali ya kuta na kuba yanasinyaa kila moja kwa kasi yake, na viungo vinafunguka. Kuba la matofali ya silika ndilo jeuri zaidi: chini ya nyuzi 300 hivi linabadili ujazo wake ghafla, na hapo ndipo linapopasuka. Kwa hiyo wateja wakifunga ofisi kwa sikukuu, kiwanda hupunguza tani kidogo, hubadili unene, hujaza maghala, na kikizidiwa huvunja kioo kizuri na kukirudisha mlangoni mwa tanuri kama vigae, yaani vipande vya kioo vya kuyeyushwa tena. Zamu ya mkesha wa mwaka mpya inafanya kazi ile ile ya Jumanne ya kawaida.

Maana yake kwa msomaji wa habari: tangazo kubwa la mwaka ni lile la kujenga tanuri upya, hata likiandikwa kwa mistari minne. Kiwanda kikichagua vichomeo vya gesi leo, kimejifunga na gesi hadi karibu mwaka 2040. Majaribio ya wiki moja hayafungi mtu.

Orodha ya miaka ya karibuni inasomeka hivi. Mwaka 2021, kule St Helens, Uingereza, kampuni ya Pilkington walitengeneza kioo cha floti kwa kuchoma haidrojeni tupu katika majaribio. Mei 2022 Saint-Gobain walitangaza kutengeneza kioo bapa huko Aniche, Ufaransa, kwa vigae asilimia 100, biogesi na umeme usio na kaboni. Nayo yalikuwa majaribio. Mwaka 2023 kampuni hiyo hiyo ilijaribu haidrojeni ya zaidi ya asilimia 30 huko Herzogenrath, Ujerumani. Mwaka huo huo Ardagh waliwasha tanuri la chupa huko Obernkirchen, Ujerumani, linaloweza kupata hadi asilimia 80 ya nishati yake kwenye umeme na iliyobaki kwenye gesi. Mwaka 2024 Verallia walizindua tanuri la umeme mtupu huko Cognac, Ufaransa, la tani 180 kwa siku. Matatu ya kwanza ni majaribio kwenye matanuri yaliyokuwepo. Mawili ya mwisho ni matanuri yaliyojengwa na yanayouza chupa. Ukiyaweka yote kwenye kapu moja la "habari za kijani za mwaka", umepoteza tofauti iliyo kubwa kuliko zote.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo matangazo mengi yanaposhindwa kusimama. Chukua tanuri la chupa la tani 300 kwa siku linalokula gigajuli 4 kwa kila tani ya kioo, kiasi ambacho tanuri zuri la gesi lenye vigae vya kutosha linakifikia. Gesi asilia hutoa takriban kilo 56 za hewa ya ukaa kwa gigajuli, kwa hiyo tani moja ya kioo imetoa kilo 224 kwenye moto peke yake. Tanuri la umeme halipotezi joto kwenye bomba la moshi, hivyo tuliwekee kilowatisaa 900 kwa tani. Umeme ukitoka kwenye gridi inayotoa kilo 0.6 kwa kilowatisaa, kioo hicho kimebeba kilo 540, zaidi ya mara mbili ya gesi. Gridi ikiwa ya kilo 0.05, kinabeba 45. Mpaka uko 224 kugawanya kwa 900, yaani karibu kilo 0.25 kwa kilowatisaa. Tangazo la tanuri la umeme lisilotaja umeme unatoka wapi ni nusu ya tangazo.

Fanya hivyo hivyo kwa haidrojeni. Tani 300 mara gigajuli 4 ni gigajuli 1,200 kwa siku. Kilo moja ya haidrojeni ina megajuli 120, kwa hiyo unahitaji tani 10 kila siku iendayo kwa Mungu. Kuitenga kutoka kwenye maji kwa umeme hula kilowatisaa 50 hadi 55 kwa kilo, jumla megawatisaa 500 na zaidi kwa siku. Kuyeyusha kioo kile kile kwa umeme moja kwa moja kungekula megawatisaa 270. Haidrojeni ina nafasi yake pale elektrodi, vile vijiti vinavyoingiza umeme kwenye kioo, zisipofika, hasa kwenye matanuri makubwa ya floti, lakini anayeiuza kama njia rahisi hajashika kikokotoo.

Kuna na mambo ya ufundi yasiyoingia kwenye taarifa za habari. Moto wa haidrojeni hauna mwanga mwingi kama wa gesi na unaacha mvuke mwingi wa maji juu ya kioo. Mvuke huo hubadili povu, hula matofali ya kuba kwa namna nyingine, na kiasi kingine huingia ndani ya kioo chenyewe. Kwenye umeme shida ni za aina nyingine. Kioo baridi hakipitishi umeme, kikiyeyuka kinapitisha, kwa hiyo huwezi kuwasha tanuri kwa umeme tupu. Lazima kioo cha kwanza kiyeyushwe kwa vichomeo. Elektrodi ni za molibdenamu, ambayo inavumilia kioo cha moto ila ikikutana na hewa ikiwa ya moto inaungua, kwa hiyo shingo ya elektrodi inapozwa kwa maji. Juu ya kioo hulala blanketi la malighafi baridi linalozuia joto lisitoke. Vigae vikizidi, blanketi hilo hulainika na kuziba, gesi inayotoka chini inakosa njia, na viputo vinabaki kwenye chupa. Kioo cha rangi ya kahawia ndicho kigumu zaidi humo kwa sababu rangi yake inategemea mizani nyembamba kati ya salfa, chuma na kaboni, na blanketi likitikisika rangi nayo inayumba.

Asilimia ya vigae, na ni vigae vya nani

Namba ya pili inayopendwa Desemba ni ya vigae: "asilimia 70 ya kioo kilichorejelezwa". Kwanza jua kwa nini namba hiyo ina thamani. Kila asilimia 10 ya vigae hupunguza nishati ya kuyeyusha kwa asilimia 2.5 hadi 3. Zaidi ya hapo, malighafi zenyewe zinatoa hewa ya ukaa. Magadi, mawe ya chokaa na dolomiti ni kabonati. Kwenye moto zinaachia gesi. Kioo cha kawaida kina takriban asilimia 72 ya silika, 14 ya oksaidi ya sodiamu, 9 ya chokaa na 4 ya magnesia. Ukipiga hesabu ya kabonati zake unapata karibu kilo 200 za hewa ya ukaa kwa kila tani ya kioo, hata tanuri likiwa la umeme safi kabisa. Vigae havina kabonati, vilishatoa yao mara ya kwanza. Ndiyo maana tanuri la umeme lisilo na vigae haliwezi kuitwa la kaboni sifuri, tangazo liseme litakavyosema.

Pili, uliza vigae vilitoka wapi. Kiwanda cha floti hukata kingo za utepe wa kioo kila sekunde na kuzirudisha tanurini. Wamefanya hivyo tangu zamani. Kiwango cha ISO 14021 hakiruhusu mabaki yanayorudi kwenye mchakato ule ule yahesabiwe kama maudhui yaliyorejelezwa. Cha kutafuta ni vigae kutoka nje: mabaki ya mafundi wanaokata kioo, na zaidi ya yote kioo kilichotolewa kwenye majengo yanayobomolewa. Hicho cha mwisho ndicho kigumu, na anayekirudisha kwa wingi kwenye kioo bapa anastahili tuzo mbele ya mbunifu yeyote wa mnara.

Ugumu wake unaonekana kwenye uchafu wa gramu chache. Pete ya alumini ya kizibo cha chupa ikiingia tanurini, alumini hunyang'anya silika oksijeni yake na kuacha vijishanga vidogo vya silikoni halisi (ile elementi, si gundi). Kijishanga hicho hakisinyai sawa na kioo kikipoa, na chupa inapasuka ikiwa kwenye mashine ya kujazia. Risasi, kwa mfano ile ya vifuniko vya zamani vya mvinyo, inazama hadi sakafuni na kutoboa matofali polepole kwenda chini; siku inapogundulika, kioo kimeshaanza kuvuja. Kipande cha sahani ya kauri hakiyeyuki, kinatoka kama kijiwe. Hatari kuliko vyote ni kioo cha jiko la umeme na bakuli za kuingiza ovenini: jicho la mtu linaona kioo, kumbe kinataka joto kubwa zaidi kuyeyuka. Mashine ya kamera ya kawaida inakipitisha. Inahitajika ya mionzi inayosoma kemia. Kwa kioo bapa ongeza nikeli kwenye orodha, kwa sababu inayofuata.

Ukuta wa kioo uliopata tuzo

Picha za majengo yaliyoshinda huwa na anga ya bluu na kioo kisicho na doa. Mpiga picha akitumia kichujio cha kupunguza mng'ao, wakati mwingine doa linajitokeza: mistari au madoadoa ya kijivu kama ngozi ya chui, yamepangana kwa nafasi sawa. Hiyo ni alama ya pua za hewa za mashine ya kutempa. Kioo hupashwa hadi nyuzi 620 hadi 640 hivi, kisha hupulizwa hewa kwa nguvu pande zote mbili. Uso unaganda kwanza, kati kunachelewa, na kikipoa chote uso umebanwa na katikati kumevutwa. Pale hewa ilipopiga zaidi, mkandamizo unatofautiana kidogo na jirani yake, na mwanga uliochujwa unaionyesha tofauti hiyo. Si udhaifu wa nguvu, ni suala la sura. Lakini majaji wakiiona kwenye picha waulize mashine iliwekwaje, kwa sababu wengine wameweza kuipunguza sana.

Vipimo vya tempa ni vya wazi. Kiwango cha Marekani, ASTM C1048, kinataka mkandamizo wa uso usiopungua megapaskali 69. Kile cha Ulaya, EN 12150, kinavunja kioo na kuhesabu vipande: kwa kioo cha kawaida cha milimita 4 hadi 12, angalau vipande 40 ndani ya mraba wa milimita 50 kwa 50. Kwenye tanuri la kutempa la mionzi, kioo cheupe kinakaa takriban sekunde 40 kwa kila milimita, kwa hiyo cha milimita 6 ni dakika 4 hivi. Kioo chenye mpako wa fedha wa kuzuia joto kinasumbua: upande wa mpako unarudisha mionzi, upande wa chini unapashwa na roli, kioo kinajikunja kama bakuli na kusimama kwa kitovu chake, na roli zinakichora mstari mweupe katikati. Dawa yake ni hewa moto inayopulizwa juu. Kuongeza dakika peke yake huzidisha mawimbi ya roli.

Sasa kile kijiwe. Punje ya nikeli, kutoka kwenye chuma cha pua cha mashine au waya wa kipashio, ikikutana na salfa ndani ya tanuri inakuwa salfaidi ya nikeli, mara nyingi chini ya nusu milimita. Juu ya nyuzi 379 kijiwe hiki kina umbo moja, chini yake kina umbo jingine lenye ujazo mkubwa kwa asilimia 2 hadi 4. Kioo cha kawaida kikipozwa taratibu, kijiwe kinapata muda wa kubadilika na mambo yanaisha. Kwenye tempa kinapozwa ghafla na umbo la joto linakwama. Kisha, ukutani, kwa miezi au miaka, kinavimba kidogo kidogo. Kikiwa kwenye eneo la kati linalovutwa, kioo chote kinapasuka mara moja.

Fundi aliyezoea anakitambua kwenye vipande. Pale mpasuko ulipoanzia kuna vipande viwili vikubwa kuliko vingine, vimekaa ubavu kwa ubavu kama mbawa za kipepeo, na kwenye mstari unaovigawanya kuna nukta ndogo nyeusi au ya rangi ya shaba. Kioo kikiwa bado kimesimama kwenye fremu, bandika filamu ya gundi uso wote kabla ya kugusa chochote, maana vikidondoka ushahidi umekwenda na mabishano ya dhamana hayatakwisha.

Kinga yake ni kuoka: kioo kilichotempwa kinapashwa tena ili vyenye vijiwe vipasukie kiwandani. Hapa ndipo fungu la tatu la habari linapolipa. Kiwango cha EN 14179 hapo awali kilitaka nyuzi 290, jumlisha au toa 10, kwa saa mbili; toleo la mwaka 2016 likashusha hadi 260, jumlisha au toa 10, saa mbili zile zile. Kosa la kawaida ni kuanza kuhesabu saa mbili kwa kipimo cha hewa ya oveni. Saa inaanza pale kioo cha mwisho kabisa, kile kilichojificha katikati ya rafu, kimefika nyuzi 250. Rafu ikijazwa bila nafasi kati ya kioo na kioo, hewa haipiti, na cheti kinachapishwa kwa kioo ambacho hakikuoka. Ikifanywa sawasawa, kiwango kinakadiria mpasuko usiozidi mmoja kwa tani 400. Kwa kuwa kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, tani 400 za kioo cha milimita 8 ni mita za mraba 20,000. Mnara wa ukubwa huo ukipata tuzo bila grafu za joto za oveni kuwemo kwenye faili, majaji wametunuku picha.

Kilichofungwa ukingoni

Kwenye kioo cha tabaka mbili, matangazo hushindana kwa namba moja, ya joto linalopita. Tabaka mbili za kioo cheupe na hewa katikati: karibu 2.8 wati kwa mita ya mraba kwa nyuzi. Ukiweka mpako wa fedha na gesi ya argoni kwenye nafasi ya milimita 16: karibu 1.1. Tabaka tatu zenye mipako miwili: 0.5 hadi 0.7. Namba hizo ni za katikati ya kioo. Dirisha zima na fremu yake huwa na namba mbaya zaidi, na taarifa nyingi hazisemi ni ipi kati ya hizo.

Namba hiyo inaishi au inakufa ukingoni. Mpako wa fedha, ambao tabaka lake la fedha lina unene wa kama nanomita 10 tu, lazima usagwe wote kwenye ukanda unaokaa gundi. Usiposagwa, unyevu unatambaa chini yake, fedha inakula kutu kuelekea ndani, na gundi inabaki imeshika mpako ulioachia kioo. Butili, gundi ya ndani, ndiyo inayozuia mvuke na gesi, na ikikatika hata mahali pamoja, kwa kawaida kwenye kona, kazi imeharibika. Silanti ya nje, yaani gundi ya kuzibia, iwe polisalfaidi au silikoni, ndiyo inayobeba nguvu. Hizo huchanganywa sehemu mbili, mara nyingi kumi kwa moja kwa polisalfaidi, na uhakiki wake ni wa karatasi: kamua kidogo, kunja karatasi, bonyeza, fungua. Ukiona michirizi myeupe ndani ya weusi, pampu haichanganyi. Fanya hivyo kila zamu inapoanza na kila pipa linapobadilishwa. Chembe za kunyonya unyevu ndani ya spesa, ile fremu nyembamba inayotenganisha vioo viwili, nazo zinaanza kunyonya tangu mfuko unapofunguliwa; spesa zilizojazwa jioni zikafungwa asubuhi zimeshakunywa hewa ya usiku kucha. Wiki ya kabla ya sikukuu ndiyo inayozalisha makosa haya kwa wingi: oda zinaharakishwa, mapipa yanaachwa wazi, na siku mashine zinaporudi kuwashwa hakuna anayepima mchanganyiko.

Jambo jingine linalosahaulika ni mwinuko. Kioo kinafungwa na shinikizo la hewa la pale kilipofungwa. Kila mita ya mwinuko hupunguza shinikizo la nje kwa takriban paskali 12, kwa hiyo kilichofungwa pwani kikipelekwa mita 800 juu kinavimba kwa karibu kilopaskali 10. Vioo vikubwa vinajikunja na kuvumilia. Vidogo vyenye kioo kinene havikunjiki, na mzigo wote unabebwa na gundi.

Kioo cha ombwe, yaani vioo viwili vilivyonyonywa hewa katikati, ndicho kinachopendwa na majaji siku hizi, na kwa haki. Nafasi yake ni milimita 0.2 hivi, na nguzo ndogo zimepangwa kila sentimita mbili kuzuia tani 10 za hewa kwa kila mita ya mraba zisivibamize vioo viwili pamoja. Wazo lake liliombewa hataza na mtu aitwaye Zoller mwaka 1913. Chuo Kikuu cha Sydney kilifanikiwa kukitengeneza mwaka 1989. Japani ilianza kukiuza mwaka 1997. Kukiita "ubunifu wa mwaka" ni mzaha kidogo.

Watu

Tuzo za watu zina historia nzuri kuliko za majengo. Tuzo ya Phoenix, inayomtaja mtu wa mwaka wa kioo, imekuwepo tangu 1971. Tume ya Kimataifa ya Kioo, ICG, iliyoanzishwa mwaka 1933, ina tuzo kadhaa, na ya kufuatilia ni ya Gottardi, kwa kuwa inawalenga watafiti vijana. Kwa wasanii, Jumba la Makumbusho la Kioo la Corning limekuwa likiwaagiza wasanii kazi mpya, kwa mpango uitwao Rakow, tangu 1986.

Hata hizo zinachelewa. Charles Kao alionyesha mwaka 1966 kwamba uzi wa kioo safi ungeweza kubeba mawasiliano endapo upotevu ungeshuka chini ya desibeli 20 kwa kilomita. Mwaka 1970 Maurer, Keck na Schultz wa kampuni ya Corning wakashuka chini ya hapo. Kao alipata sehemu ya Nobeli ya fizikia mwaka 2009. Na Alastair Pilkington, mbunifu wa floti, kabla ya kutangaza floti Januari 1959 alikuwa na mtambo uliotoa kioo kisichouzika kwa miezi 14 mfululizo. Mwandishi wa habari za mwisho wa mwaka 1957 angeuweka mtambo huo chini ya kichwa cha hasara, na angekuwa sahihi.

Ukiandika pendekezo la tuzo

Baadhi ya mapendekezo hufungwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo wiki hizi ndizo za kukusanya. Acha maneno ya "kipekee" na "cha kisasa". Jaza ukurasa wa vipimo. Kwa tanuri: gigajuli kwa tani kwa wastani wa mwaka mzima, siyo wa wiki bora, tani kwa siku, vigae vya nje kwa asilimia, chanzo cha umeme na kilo za hewa ya ukaa kwa kilowatisaa. Kwa tempa: hesabu ya vipande, mkandamizo wa uso, grafu za oveni ya kuoka zenye namba za vioo. Kwa tabaka mbili: kiwango cha argoni siku ya kufunga, ambacho kisiwe chini ya asilimia 90 kama ndicho ulichotangaza, na ripoti ya uvujaji, EN 1279 inataka usizidi asilimia 1 kwa mwaka. Weka pia idadi ya vilivyorudishwa na sababu zake. Pendekezo lisilo na kimoja kilichorudishwa linatia shaka kuliko lenye kumi na viwili vilivyoelezwa.

Mwisho funga sampuli. Saizi ya majaribio ni milimita 352 kwa 502. Tengeneza nne katika zamu ile ile iliyotengeneza vioo vya mradi, kwa butili ile ile na pipa lile lile la silanti. Mbili zikae kabatini, mbili juu ya paa, juani na mvuani. Pima argoni ya zote nne siku hiyo, andika namba kwenye spesa kwa kalamu isiyofutika, na chini yake andika tarehe ya kuzipima tena: Desemba, miaka kumi kuanzia sasa.